Kumwachisha Mgonjwa wa Mapafu Mashine ya Kupumulia

Ndugu wanakikundi wa Magwagwa, tukichangia mgonjwa aliyelazwa chumba cha wagonjwa mahututi kule Kisii, swali huwa lile lile: macho amefumbua, mbona hatolewi mashine? Wengine tayari wanataka kuuza shamba, wengine wanasema mpira uchomolewe tu. Hebu ngojeni kwanza.

Mapafu yaliyochakaa kwa moshi wa kuni au sigara miaka mingi hayatoi hewa yote nje. Kifua hubaki kimejaa, na msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu hufanya kazi nzito. Mashine ikiufanyia kazi siku kadhaa, msuli unalegea, kama mguu uliofungwa plasta. Ukichomoa ghafla mgonjwa huchoka, mpira unarudishwa, na hatari inazidi.

Kwa hiyo anajaribiwa. Nguvu ya mashine hupunguzwa, apumue mwenyewe dakika 30 hadi saa 2 huku akiangaliwa. Akihema mbio au kutoka jasho jingi, anapumzishwa hadi kesho. Huko si kufa, jamani! Akiweza, mpira hutolewa, na mara nyingi huvalishwa barakoa ya kusukuma hewa.

Mtu mmoja wa familia amwulize daktari kila siku: leo amejaribiwa? Alipumua mwenyewe muda gani? Gharama mwulizeni afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuuza chochote. Na nyumbani, asirudi kulala jikoni penye moshi.