Maji ya Ubatizo Hayamwagwi Mara Mbili

Kijana wa miaka 16 anayefika kwenye ofisi ya parokia Migori au Homa Bay akisema anataka kuwa Mkatoliki kamili huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: ulibatizwa wapi? Asidhani anachunguzwa. Upande huu wa Ziwa Victoria makanisa ni mengi, na jibu lake ndilo litakaloonyesha apitie mlango upi.

Huenda alibatizwa Mkatoliki akiwa mchanga. Nyanya alimpeleka kanisani, akapewa jina la mtakatifu, kisha wazazi wakahamia mjini, nyanya akafariki, na Ukatoliki ukabaki kwenye jina tu. Vijana wa namna hii ni wengi. Kwa sheria ya Kanisa yeye ni Mkatoliki tayari, hata kama hajui Salamu Maria. Habatizwi tena wala hapokelewi upya. Kilichobaki ni mafundisho na sakramenti tatu alizozikosa: Kitubio, Ekaristi na Kipaimara.

Kinachomkwamisha mara nyingi ni karatasi. Cheti cha ubatizo kimepotea, au kilichukuliwa na shangazi ambaye hajaonekana tangu mazishi. Kitabu cha ubatizo chenyewe hutunzwa parokiani, si kigangoni, kwa hiyo aliyebatizwa katika kanisa dogo la kijijini lazima ajue kigango hicho kilikuwa chini ya parokia gani mwaka ule. Hilo si jambo dogo hapa. Misheni ya Asumbi, iliyofunguliwa na Wamisionari wa Mill Hill mwanzoni mwa karne ya 20, ilizaa parokia nyingi, na hizo nazo zikagawanyika. Jimbo nalo limekatwa: eneo lote lilikuwa la Jimbo la Kisii tangu 1960, hadi Oktoba 1993 lilipozaliwa Jimbo la Homa Bay, ambalo ndilo linalohudumia kaunti hizi mbili leo.

Kitabu kikipatikana, mstari mmoja unatosha. Kuna tarehe ya ubatizo, jina, wazazi, msimamizi, aliyebatiza, na pembeni nafasi ya kuandika Kipaimara na ndoa zitakapokuja. Kisipopatikana, bado kuna njia ambayo wengi hawaijui. Kanuni ya 876 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu ushahidi wa mtu mmoja tu asiye na shaka, mradi hakuna anayedhurika kwa ushahidi huo. Mama wa ubatizo ambaye angali hai huko Rapogi au Mirogi anaweza kumaliza kazi iliyoshindikana ofisini kwa miezi.

Mlango wa pili ni wa aliyebatizwa kwingine. Kusini mwa Nyanza, kwingine mara nyingi humaanisha Wasabato, walioweka misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Msabato huzamishwa majini kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na Kanisa Katoliki kwa kawaida linautambua ubatizo huo. Ndivyo ilivyo kwa Mwanglikana pia. Kumwagia maji tena kijana wa aina hii ni kosa, hata shangazi zake wakililia sherehe. Baada ya mafundisho anaungama, anaikiri imani mbele ya waumini, na kupokelewa katika ushirika kamili. Si lazima asubiri mkesha wa Pasaka.

Hapa pana kichekesho kidogo cha kisheria. Padri anayempokea Msabato huyo ana ruhusa ya kumpa Kipaimara papo hapo, siku ileile. Mwenzake aliyebatizwa Mkatoliki utotoni kwa kawaida humsubiri askofu, ambaye tangu uteuzi wa 2020 ni Michael Odiwa, afike parokiani kwa ziara ya Kipaimara. Mgeni anaweza kumaliza safari kabla ya mwenye nyumba.

Wa tatu ndiye anayemfanya padri akune kichwa. Legio Maria, kanisa lililojitenga na Wakatoliki mwaka 1963 likiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, lina makao yake matakatifu Got Kwer, Migori. Rozari zipo, kanzu zipo, mapadri wapo, papa wao yupo. Kijana aliyelelewa humo anaweza kuamini kwa moyo safi kwamba ni Mkatoliki. Jina nalo linachanganya, kwa kuwa ndani ya Kanisa Katoliki kuna chama cha Legio ya Maria, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921 na kuletwa Kenya na Edel Quinn mwaka 1936. Padri hana budi kuuliza kwa makini: maji yalitumika? Maneno gani yalitamkwa? Kwa nia gani? Hatua inayofuata itategemea majibu.

Na ikiwa baba ana wake watatu? Vijana wengi huogopa kuuliza, wakidhani ndoa ya mzazi imewafungia mlango. Haijawafungia. Maurice Otunga, askofu wa kwanza wa Kisii na baadaye kardinali, alikuwa mtoto wa chifu Sudi Namachanja wa Bungoma, mzee wa wake wengi, na alibatizwa mwaka 1935 akiwa na miaka 12.

Mafundisho yenyewe hutolewa na katekista, mara nyingi Jumamosi au baada ya Misa. Wakati huo kijana atafute msimamizi: Mkatoliki aliyekwishapata Kipaimara, mwenye miaka 16 au zaidi, asiye mzazi wake. Asichague rafiki kwa sababu ana suti nzuri.

Kisha linakuja swali ambalo katekista hakosi kuliuliza: uko jumuiya gani? Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele katika miaka ya 1970, na leo ndiko Ukatoliki wa kila siku unakoishi, nyumba kwa nyumba, kwa Injili ya Jumapili, mchango na ziara kwa wagonjwa. Parokia nyingi haziandiki jina la mtu kwa sakramenti bila neno la mwenyekiti wa jumuiya. Kijana wa bweni ana YCS, chama cha wanafunzi Wakristo, shuleni, lakini likizo ikifika jumuiya ya nyumbani itamtafuta.

Wajibu uliobaki unaeleweka haraka: Misa kila Jumapili, kuungama dhambi kubwa angalau mara moja kwa mwaka, Komunyo wakati wa Pasaka. Kufunga chakula kunaanza akitimiza miaka 18. Kuacha nyama Jumatano ya Majivu na Ijumaa za Kwaresima kumeshaanza tangu 14, na kwa kijana wa Mbita au Muhuru Bay, ambaye badala ya nyama anawekewa samaki aina ya ngege wa kukaanga na kuon (ugali), ni vigumu kuiita hiyo adhabu.