Kijiji Kidogo cha India, Watu Wake na Barabara: Kweli au Si Kweli?

Huku kwetu, India ikitajwa, watu hufikiria umati wa Mumbai. Lakini Wahindi wengi huishi vijijini, na juu ya vijiji hivyo husemwa mambo mengi yasiyopimwa.

"Kila kijiji cha India kimefurika watu."

Si kweli. Sensa ya 2011 ilihesabu watu bilioni 1.21, na milioni 833 kati yao walikuwa vijijini. Ukiwagawa kwa vijiji vinavyokaliwa, karibu 600,000, kila kimoja kinapata kama watu 1,400. Vingi havifiki hapo. Vingine zaidi ya 40,000 vimo katika daftari la sensa bila mkazi hata mmoja: jina lipo, mipaka ipo, watu hawapo.

"Kijiji kikiwa kidogo, hakipelekewi barabara."

Kuna ukweli hapa, ila si wote. Tarehe 25 Desemba 2000, serikali ya Atal Bihari Vajpayee ilianzisha mpango wa barabara za vijijini, PMGSY, wa kujenga njia zinazopitika masika na kiangazi. Kigezo kilikuwa idadi ya watu: angalau 500 kwenye tambarare, na 250 milimani, jangwani na katika maeneo ya Waadivasi, yaani jamii za wenyeji wa asili. Na kilichohesabiwa ni kitongoji. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwa sababu kijiji kimoja huwa na vitongoji kadhaa, na mara nyingi kile cha Wadalit, waliobaguliwa karne nyingi na mfumo wa matabaka, kimejengwa kando. Kama hesabu ingekuwa ya kijiji kizima, barabara ingeishia kwa wenye mashamba makubwa na kazi ingeandikwa kuwa imekwisha.

Hata hivyo kitongoji cha watu 480 kwenye tambarare kilibaki nje, ingawa tope la mvua za Juni hadi Septemba ni lile lile. Tena hesabu zimezeeka. Awamu ya nne ya PMGSY, iliyoidhinishwa 2024, bado inategemea sensa ya 2011, maana ile ya 2021 haikufanyika.

"Kituo cha basi hakizidi kilomita 5, kwa hiyo usafiri upo."

Si kweli, na kwangu hili ndilo kosa zito kuliko yote. Kijiji kisipokuwa na huduma fulani, daftari la sensa huonyesha umbali wa kuifuata kwa makundi matatu tu: chini ya kilomita 5, kati ya 5 na 10, na zaidi ya 10. Kwa hiyo anayetembea nusu kilomita na anayetembea kilomita nne na nusu huandikwa sawa. Kundi hilo halikuambii basi hupita mara ngapi, wala kama la mwisho huondoka kabla mgonjwa hajatoka zahanati. Mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku hasaidiwi na kituo kisicho na gari.

"Lami ikifika, umaskini unaondoka."

Si kweli. Wachumi Sam Asher na Paul Novosad walizichunguza barabara za PMGSY na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Waliona vibarua wengi wakiacha kazi za shamba na kwenda kutafuta nyingine, lakini kipato, mali na kilimo cha kijiji havikubadilika sana. Barabara humfikisha mtu penye kazi; kazi yenyewe haiiumbi.

"Usafiri wa kijijini ni suala la magari tu."

Si kweli. Mwaka 2006 jimbo la Bihar lilianza kuwapa wasichana wa darasa la tisa fedha za kununulia baiskeli. Utafiti wa Karthik Muralidharan na Nishith Prakash ulikuta uandikishaji wao katika sekondari umepanda kwa karibu theluthi moja, na walionufaika zaidi ni wale ambao shule ilikuwa mbali na kwao.