Tutazame Kabla ya Kuvunja Sakafu

Nyumba nyingi za mwambao wetu zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, wenye vitundu vipitishavyo maji. Bomba la maji taka likipasuka chini ya sakafu, uchafu waweza kufika kisimani, pengine kisima cha jirani. Fiqhi ya Kishafii yatufunza kwamba maji mengi hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu; lakini vijidudu vya kipindupindu havina rangi. Maji yaweza kuwa twahara na bado yakamdhuru mtoto.

Basi choo kikiziba kila mara, tusikimbilie sururu. Fundi huingiza kamera ndogo kupitia chemba, ikiwa kwenye waya mrefu upindikao, na picha huonekana papo hapo: mizizi iliyopenya kwenye maungio, mafuta yaliyoganda, au ufa. Waya huonyesha umbali, hivyo huchimbwa mahali pamoja tu.

Bomba lisafishwe kwanza, kwani kamera haioni ndani ya maji machafu. Nasi tutazame pamoja na fundi, tubaki na nakala ya picha. Ufa ukionekana, tumwarifu jirani siku hiyo hiyo, maji ya kisima yasinywewe mpaka yapimwe. Haki ya jirani haifunikwi kwa saruji.