Vyombo vya Kuvulia Sangara



Msimu wa karafuu ukimalizika, wako wenzetu wanaokwenda kutazama jamaa zao Bomani, Tarime, na kutoka huko hushukia Rorya kuvua sangara katika Ziwa Victoria. Twawashauri juu ya vyombo, fedha ya karafuu isipotelee dukani.

Sangara si changu. Aliletwa ziwani humo katika miaka ya 1950 na 1960, naye aweza kufika kilo 200. Ufito na uwe mfupi, mnene. Gurudumu la mshipi liwe na breki inayolegezeka, maana samaki akikimbia, mshipi usioachiwa hukatika. Nailoni iwe nene, na nene zaidi karibu na ndoana, kwani ukingo wa mashavu yake hukata.

Chambo cha bandia huburutwa nyuma ya mashua, kando ya miamba. Wavuvi wa huko hutumia kambare wadogo walio hai.

Mwenye fedha kidogo anunue kwanza mshipi na ndoana nzuri, ufito huazimwa.

Tena, ulizeni leseni kwa ofisa wa uvuvi. Sangara asiyefika sentimita 50 arudishwe majini, kama tusivyochuma karafuu changa.