Programu Ikiganda, Usiilaumu Kompyuta

Programu ya hesabu inapofungua faili kubwa, dirisha likapauka na kishale kikageuka duara linalozunguka, mtumiaji husema kompyuta imechoka. Mara nyingi anaionea. Kompyuta inachapa kazi. Kasoro iko kwenye mgawanyo wa kazi. Katika programu nyingi za mezani, uzi mmoja tu wa utekelezaji (thread), yaani mfuatano mmoja wa amri, ndio unaochora dirisha na kupokea mibonyezo, ambayo hupanga foleni ikisubiri zamu. Mtunzi wa programu akiutwisha uzi huohuo kusoma faili kwa sekunde 20, programu huwa kama ofisi yenye karani mmoja aliyeingia stoo kutafuta jalada: foleni imesimama na hakuna wa kuwajibu wateja. Dirisha lisipochukua ujumbe wowote kwenye foleni yake kwa sekunde 5, Windows hulihesabu kuwa haliitiki.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni mashine yenye kasi. Kasi husaidia panapokokotolewa, lakini programu nyingi huganda zikisubiri seva ya mbali au diski, na prosesa mpya haiharakishi jibu la seva. Subira ya binadamu nayo haikui. Mwaka 1993 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliainisha mipaka inayotumika hadi leo: jibu la sekunde 0.1 huonekana la papo hapo, sekunde 1 haikati mawazo, na baada ya sekunde 10 akili huhamia kwingine.

Kwa hiyo kazi ndefu ipewe uzi wa pembeni. Hoja nzito dhidi ya ushauri huu ni kwamba nyuzi mbili zikigusa data moja huzaa hitilafu ngumu kuzinasa. Ni kweli, na ndiyo maana Swing, maktaba ya kuundia madirisha katika lugha ya Java, inataka vipengele vya dirisha viguswe na uzi mmoja tu: uzi wa pembeni hufanya kazi, kisha hurudisha matokeo kupitia foleni. Njia ya mkato ya DoEvents katika Visual Basic, ya kusitisha kazi kidogo ili foleni ihudumiwe, ina mtego wake: mtumiaji akibonyeza tena kitufe kilekile, kazi huanza upya kabla ya ile ya kwanza kwisha. Kitufe hicho kizimwe mpaka kazi iishe, na kando yake kiwepo cha Ghairi. Hicho ndicho kipimo: kikibonyezwa katikati ya kazi na kazi ikakoma, karani yuko dirishani.