Umestaafu kazi, usistaafu watu

Tukizungumzia afya ya mzee, mara nyingi tunataja presha, kisukari na maumivu ya magoti. Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni la afya, nalo ni upweke wa mtu aliyestaafu.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa mkoa wa Pwani. Wako waliofanya kazi Dar es Salaam na kununua viwanja Kibaha, kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi, ili wapumzike huko uzeeni. Wako waliorudi kwenye mashamba ya wazee wao Kisarawe, Masaki au Maneromango. Na wako waliotumikia hapa hapa, kama walimu, wauguzi na mafundi wa Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki likiwa na shule, tiba na mafunzo ya wakulima.

Mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na wengi hulazimika kustaafu wakifika 60. Allah akimjaalia umri, mtu huyo ana miaka mingi mbele yake. Je, ataiishi vipi?

Kinachopotea si mshahara tu

Watu humpa pole mstaafu kwa sababu ya mshahara uliokatika. Lakini pamoja na mshahara, mambo mengine matatu huondoka siku hiyo hiyo. La kwanza ni ratiba. Kwa miaka 30 alijua saa ya kuamka na saa ya kutoka. La pili ni watu, wale aliokunywa nao chai ya saa nne na kusikia habari zao kila siku. La tatu ni kuhitajiwa. Alipochelewa, kuna kazi iliyosimama. Sasa Jumatatu inafika na hakuna anayemngoja.

Aliyehamia kiwanja kipya Kibaha anaweza kukaa mwaka mzima ndani ya ukuta bila kumjua jirani, huku rafiki zake wako Magomeni na Temeke. Aliyerudi kijijini Kisarawe huwakuta wenzake wengine wametangulia mbele ya haki, na waliobaki humwona ni mtu wa mjini. Mafao yakitoka wageni huwa wengi. Fedha zikiisha, nyayo nazo hupungua mlangoni.

Upweke huumiza mwili

Mwezi Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti inayoeleza kuwa mtu mmoja kati ya kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Ripoti hiyo inauhusisha na kiharusi, maradhi ya moyo, kisukari na kupungua kwa uwezo wa akili.

Sababu zake si ngumu kuzielewa. Mtu mwenye huzuni ya muda mrefu hulala vibaya, na mwili wake hukaa katika hali ya wasiwasi inayopandisha presha. Asiye na wa kula naye hupitisha siku kwa chai na mkate. Asiye na pa kwenda hatembei. Na asiye na wa kumkumbusha dawa huiacha bila mtu kujua.

Yako pia yanayomtenga mzee kimya kimya, yaani masikio na macho. Asiyesikia vizuri huchoka kuuliza "umesemaje?", mwishowe anaacha kuja barazani, na watu wanasema ana majivuno. Mwaka 2024 wataalamu waliokutanishwa na jarida la tiba la The Lancet walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya mtu kupoteza kumbukumbu uzeeni. Miongoni mwake ni kujitenga na watu, usikivu uliopungua na uoni usiotibiwa. Basi mpelekeni mzee akapimwe. Pengine ni nta tu, ambayo huondolewa kituo cha afya, wala si kwa kijiti cha kiberiti. Na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji.

Msikiti unaouliza nani hayupo

Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (s.a.w.), na riwaya nyingine zinaeleza kuwa alikuwa mwanamke. Mtume (s.a.w.) alipomkosa aliuliza habari zake, akaambiwa amekwishafariki. Masahaba walikuwa hawakumjulisha, kama kwamba jambo lake ni dogo. Akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda kumswalia.

Hapa tunapata mafunzo mawili. Kwanza, kazi ya usafi wa msikiti si ndogo. Pili, aliyekosekana aliulizwa. Misikiti yetu ya Kibaha na Kisarawe inaweza kuwapa vijana wawili jukumu la kumtembelea kila mzee asiyeonekana kwa siku mbili tatu. Jambo hili halihitaji harambee.

Kwa mstaafu mwenyewe, swala tano ni ratiba ambayo hakuna mwajiri anayeweza kuifuta. Lakini asiishie kuswali na kuondoka. Achukue kazi. Aliyekuwa mhasibu asaidie hesabu za msikiti. Mwalimu awafundishe watoto hisabati baada ya madrasa. Muuguzi awapime watu presha baada ya Ijumaa. Fundi atengeneze mabomba na sakafu ya mahali pa kutawadhia, maana wazee wengi huteleza hapo na kuvunjika nyonga. La muhimu ni kazi iwe na siku yake na saa yake, na awepo mtu atakayeuliza usipofika. Ahadi ya "nitasaidia nikipata nafasi" haimtoi mtu nyumbani.

Tahadhari moja. Aliyekuwa mkuu wa idara asije msikitini kama mkuu wa idara. Wastaafu kadhaa hugombana na kamati mwezi wa kwanza, kisha wanarudi kujifungia ndani. Anza kwa kuuliza kazi iliyokosa mtu, hata kama ni ya kufagia.

Shamba na nyumba

Kwa ndugu wa Kisarawe, shamba ni dawa pia, kwani muhogo, mikorosho na minazi humtoa mtu kitandani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anachokula mtu, ndege au mnyama kutokana na mti alioupanda Muislamu ni sadaka kwake. Wataalamu wanapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na jembe linahesabika. Limeni kwa zamu na majirani, mpate na mazungumzo. Lakini usimwage kiinua mgongo chote shambani.

Tusiwasahau akina mama. Mama aliyestaafu mara nyingi hukabidhiwa wajukuu kuanzia alfajiri hadi usiku. Wajukuu ni neema, lakini naye anahitaji watu wa rika lake. Watoto wampe siku yake ya darsa na ya kuwatembelea wenzake. Na baba aliyestaafu asigeuke mkaguzi wa jiko la mkewe.

Wakati wa kumwona daktari

Mzee akiwa na huzuni kwa wiki mbili au zaidi, akikosa usingizi, akikataa chakula, akiacha jamaa aliyoizoea au akisema hana faida tena, msimwambie tu asubiri. Hiyo yaweza kuwa sonona, na sonona ni maradhi, si upungufu wa imani. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Tumbi kwa walio Kibaha, au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe. Akisema anatamani kufa, msimwache peke yake, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Leo, baada ya Isha, mtaje mstaafu mmoja ambaye hujamwona wiki hii, kisha nenda ukabishe hodi kwake. Tunamuomba Allah atujaalie uzee wenye afya, wenzi wema na mwisho mwema. Amin.