Je, Wajua? Tamthilia Iliyozuiwa Dodoma kwa Miaka Miwili

Mwaka 1993, Redio Tanzania ilianza kurusha tamthilia ya *Twende na Wakati*. Ilisikika mara 2 kwa wiki, saa 12:30 jioni, nusu saa kila mara. Eneo la Dodoma pekee halikuipata. Mtambo wake ulirusha vipindi vingine hadi mwaka 1995, ili watafiti walinganishe wasikilizaji na wasiosikiliza.

Mhusika mkuu, Mkwaju, alikuwa dereva wa lori. Alikuwa na wapenzi katika vituo vya njiani.

Mkewe, Tunu, hakubaki akilia. Alimwacha, akaanzisha biashara yake ndogo. Mkwaju alipougua UKIMWI, ni Tunu aliyemuuguza. Mkwaju alifariki. Mitaani, mwanamume asiyetulia akaanza kuitwa "Mkwaju".

Kenya ilikuwa imetangulia kuelimisha kwa tamthilia. Mwaka 1987, Sauti ya Kenya ilirusha *Ushikwapo Shikamana*, mchezo wa redio uliohimiza uzazi wa mpango. Mbinu ya kuelimisha kwa tamthilia ilikuwa imebuniwa Mexico na Miguel Sabido katika miaka ya 1970.

Tanzania, matokeo ya *Twende na Wakati* yalionekana. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kulikosikika tamthilia. Dodoma ilipofunguliwa mwaka 1995, huko nako yakapanda.